Jiko la makaa ndani ya hema laweza kuua

Jumapili moja alasiri waliingia katika kliniki yangu baba, mama na binti yao wa miaka sita. Wote watatu walilalamika kuumwa na kichwa, na mtoto alikuwa ametapika mara mbili njiani. Mama aliomba wapimwe malaria kwa kuwa walikuwa wametoka kulala msituni, karibu na maporomoko ya maji kule Aberdare. Niliwapima joto la mwili, halikuwa juu. Nikawabana kidoleni kile kifaa kidogo kinachoonyesha kiasi cha oksijeni katika damu, nacho kikaonyesha asilimia 97. Nusura niwaandikie dawa za kutuliza maumivu na kuwaambia waende nyumbani wakapumzike.

Kilichonizuia ni kijana wao mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni akila njugu, mzima kabisa. Nilimwuliza kama hakuandamana na wenzake. Akasema alienda, lakini alilala ndani ya gari pamoja na mjomba wake kwa sababu hema lilikuwa dogo. Nikamgeukia mama: hemani kulikuwa na kitu gani ambacho hakikuwa garini? Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Ni jiko tu, daktari. Usiku kulikuwa na baridi kali."

Haikuwa malaria. Malaria haimlazi mtu usiku huohuo anapoumwa na mbu; kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi kujitokeza. Jambo hilo nilipaswa kulikumbuka mapema. Watu hao walikuwa wamevuta gesi ya kaboni monoksaidi usiku kucha.

Gesi hii hutokea kila makaa, kuni, gesi ya kupikia au petroli inapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Msomaji, moshi wa kuni utakukoholesha na kukufukuza hemani hata kama hutaki, lakini makaa yaliyokolea vizuri na kuwa mekundu hayana moshi. Wengi huona hilo kuwa ishara ya usalama, wakaliingiza jiko ndani wakati huo hasa. Kumbe makaa hayo mekundu, na hata yale yaliyofunikwa na majivu yakaonekana kama yamezimika, bado yanaitoa gesi hiyo kwa wingi.

Ikishaingia mapafuni, hushika ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, himoglobini, na huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Oksijeni inakosa nafasi. Moyo na ubongo huanza kupungukiwa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Na kile kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu, kwa hiyo huandika namba nzuri mbele ya mgonjwa aliye hatarini. Ndiyo maana nilikaribia kuwarudisha wale watatu nyumbani.

Dalili zake za kwanza hufanana na za magonjwa tuliyoyazoea: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyekunywa bia jioni atasema ni pombe ya jana, na mwingine atalaumu nyama iliyochomwa haraka. Yafaa ujiulize maswali mawili. Je, tumeumwa pamoja sisi tuliolala mahali pamoja? Je, napata nafuu nikitoka nje? Jibu likiwa ndiyo, mara moja fikiria jiko. Aliyelala usingizi mzito hapati hata nafasi ya kujiuliza. Huzidi kulegea akiwa usingizini, na huenda asiamke. Watoto huathirika upesi kwa kuwa wanapumua haraka kuliko watu wazima, na mama mjamzito aweza kujiona hana neno ilhali mtoto aliye tumboni anaumia.

Nimesikia watu wakisema, "Sisi huacha zipu ya hema wazi kidogo." Hilo halitoshi. Hema la siku hizi limeshonwa kuzuia upepo na mvua, na likilowa maji kitambaa chake huzidi kuziba. Jiko, liwe la makaa au la gesi, mahali pake ni nje, hata kwa kupikia chai tu wakati wa mvua. Mkimaliza kupika, liacheni hukohuko, mbali na mlango wa hema.

Na gari je? Yule kijana na mjomba wake walisalimika kwa sababu injini ilikuwa imezimwa. Lau wangaliiwasha ili hita iwapashe joto, huenda wao ndio ningaliwatibu. Ardhi ya msituni ni ya matope na nyasi ndefu; vitu hivyo vikiliziba bomba la moshi, gesi hurudi chini ya gari na kupenya ndani kupitia matundu ya sakafu. Magari yetu mengi yamezeeka na mabomba yake yana nyufa. Pia usiegeshe gari huku mkia wake ukielekea hema halafu ukaiacha injini ikinguruma ili kuchaji simu. Ukilala garini, zima injini na uteremshe kioo kidogo, upana wa vidole viwili, ili mvuke wa pumzi utoke usije ukalowesha blanketi.

Sasa mtu ataniuliza: baridi tutaikabili vipi? Ni swali la haki, kwa maana baridi ya huko si ya kuchezea. Nairobi iko karibu mita 1700 juu ya usawa wa bahari. Nyahururu, penye maporomoko ya Thomson yanayoanguka mita 74, ni zaidi ya mita 2300, na nyanda za wazi za juu katika Aberdare hupita mita 3000. Kila unapopanda mita 1000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Anayefunga safari na blanketi moja la nyumbani Umoja au Buruburu atajikuta saa nane za usiku akitamani jiko.

Baridi inayomtesa mtu hemani hutoka chini zaidi kuliko juu. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku mzima, kwa hiyo godoro jembamba la sponji chini yako lina faida kuliko blanketi la tatu juu yako. Piga hema mbali na maporomoko, pale manyunyu yake yasipofika. Nguo iliyolowa haihifadhi joto. Weka kando nguo kavu za kulalia tu, pamoja na soksi na kofia ya sufu. Kula chakula cha kushiba kabla ya kulala. Chemsha maji huko nje, yatie katika chupa isiyovuja, ifunge sawasawa, ivishe soksi na uiweke miguuni. Pombe hukufanya uhisi joto kwa kuwa hupeleka damu kwenye ngozi, na hapo ndipo joto linapokutoka. Mkiona mwenzenu ameacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, anapepesuka na maneno yake yanaburura, hali yake ni mbaya. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, mpeni chai ya moto yenye sukari ikiwa anaweza kumeza, kisha mtafute hospitali.

Kuna sababu nyingine ya kukaa mbali na mto. Mvua ikinyesha milimani, maji hufika chini kwa ghafla hata mahali palipo pakavu. Mnamo Septemba 2019 watu 7 walikufa namna hiyo katika korongo la Hell's Gate. Penye maporomoko hatari huzidi, kwani kelele zake hukuzuia kusikia maji yanayokuja, na hata nyati. Kuhusu maji ya kunywa nitasema machache tu: yanavyong'aa si hoja, maana huko juu wanyama wanakunywa na kunya. Yachemshe, na kwa kuwa umepanda juu, yaache yatokote dakika tatu.

Ukimkuta mtu hajiwezi ndani ya hema lenye jiko, fungua mlango wote, mtoe nje haraka, wala usibaki mle ukimwamsha, usije ukaanguka juu yake. Akiwa anapumua, mlaze kwa ubavu. Asipopumua, mpe pumzi na umkandamize kifua ikiwa umefundishwa. Kisha mpeleke hospitali yenye oksijeni. Akivuta hewa ya kawaida tu, sumu hupungua kwa nusu baada ya saa nne au tano. Akivalishwa barakoa ya oksijeni, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu.

Wale wagonjwa wangu niliwapeleka hospitali jioni hiyohiyo wakawekwa kwenye oksijeni, na kesho yake wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Niliwataka warudi kwangu baada ya majuma mawili, kwa sababu sumu hii huweza kuchelewa kuonyesha madhara yake, mtu akaanza kusahau mambo au kubadilika tabia wakati amekwisha kujiona mzima. Walirudi wakiwa salama. Nawe ukija kwa daktari na kichwa kinachouma baada ya kulala kambini, mwambie mlilala na jiko hata kabla hajakuuliza, maana huenda asikuulize.