Kutangulia mtandaoni si ithibati ya ukweli

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliniletea insha kuhusu asili ya Kiswahili. Ilikuwa insha nadhifu, yenye sarufi safi, ila ilishikilia kwamba lugha hii ni chotara, iliyozaliwa kutokana na ndoa za Waarabu na wenyeji wa pwani. Nilipomwuliza dai hilo amelitoa wapi, alinijibu bila kusita: "Mtandaoni, Mwalimu. Ndio ukurasa uliotokea wa kwanza."

Jibu hilo lilinikera, kisha likanifikirisha. Kijana huyu si mvivu. Aliamini tu kwamba, miongoni mwa kurasa chungu nzima, ule uliotangulia umetangulia kwa kuwa ni bora. Je, ni nani aliyewahi kumweleza vinginevyo? Sisi walimu tumewafundisha wanafunzi kutumia faharasa ya kitabu. Mtambo wa kusaka habari, wanaoutumia kila uchao, tumewaachia waujue wenyewe.

Ilhali mtambo huo nao ni faharasa. Tunapouliza swali, mtandao wenyewe haupekuliwi papo hapo. Programu ziitwazo buibui huzunguka usiku na mchana zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na maneno ya kila ukurasa unaonakiliwa huingizwa katika faharasa kubwa: neno hili limo katika kurasa hizi na hizi. Faharasa hiyo ndiyo tunayofunguliwa. Maneno nayo hayalingani uzito. Mwaka 1972 mtafiti Mwingereza, Karen Spärck Jones, alionyesha kwamba neno linalopatikana katika hati chache hutufaa zaidi kuliko lililozagaa kila mahali. "Na" haitofautishi chochote, "Sabaki" hutofautisha.

Swali gumu ni la mpangilio. Kati ya kurasa elfu zenye maneno yale yale, upi utangulie? Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha maelezo ya mbinu yao iitwayo PageRank. Kiungo walikichukulia kama barua ya kumpendekeza mtu kazini. Barua ya mtu ambaye naye amependekezwa na wengi ina uzito kuliko ya mtu asiyejulikana. Na anayewapendekeza watu mia, uzito wake hugawanywa kwa mia. Ni wazo zuri, na wanachuo tunalielewa upesi, kwani nasi hupimwa kwa idadi ya wanaotunukuu. Google imeongeza vigezo vingi tangu hapo, lakini viungo vingali miongoni mwavyo.

Tazama basi kinachopimwa. Ni umaarufu. Wahenga walinena kwamba penye wengi hapaharibiki neno, mtandaoni laharibika. Dai la uchotara wa Kiswahili ni kongwe, limerudiwa mara nyingi mno, na wanaolirudia huelekezana wao kwa wao. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walikwisha kueleza mwaka 1977, katika Historia ya Kiswahili, kwamba lugha hii ni ya Kibantu. Nao Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichambua kwa kina, mwaka 1993, undugu wake na Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro katika kundi la Sabaki. Maneno ya Kiarabu tuliyakopa. Ngeli na mnyambuliko wa vitenzi ni vya Kibantu. Lakini kitabu kilichomo maktabani kimo rafuni, na buibui huyu hapandi rafu.

Liko jambo jingine, nalo hutuuma zaidi sisi wa isimu. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha utaratibu wa kukata viambishi tamati vya Kiingereza, ili anayetafuta umbo moja la neno apate na maumbo mengine. Utaratibu huo ulienea sana. Kiswahili, hata hivyo, hubeba mzigo wake mwingi kichwani: kilizuka, kimezuka, kilichozuka, kilivyozuka. Ukikata mkiani hujaunganisha kitu, na mtambo usioijua mofolojia yetu huyaona hayo kama maneno manne yasiyojuana. Mitambo ya leo ni mierevu zaidi, nakubali. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia modeli ya BERT, ambayo huvunja maneno vipande na kuzingatia muktadha. Lakini modeli za aina hiyo hujifunza kutokana na maandishi, na yetu yaliyomo mtandaoni ni haba mno yakilinganishwa na ya Kiingereza.

Nilimrudishia kijana insha yake bila kuitia alama, na pambizoni nikaandika neno moja tu: Sabaki. Nilijua lingemfikisha kwingine, kwa kuwa ni adimu. Nilijua vilevile kwamba asingelifikia peke yake, maana mtambo humjibu mtu kwa maneno aliyokwenda nayo.

Ijumaa alirudi ofisini mwangu na makala sita alizochapisha, uso umemchangamka. "Kumbe, Mwalimu, Kiswahili na Kipokomo ni ndugu!"

Nilizipekua moja baada ya nyingine. Zote sita zilikuwa za Kiingereza.