Sita ikawa tisa: kwa nini spika kubwa hazitatusaidia

Muhula uliopita nilikaa nyuma ya nguzo katika ukumbi wetu mkubwa, nikamsikia lekchara akitangaza testi ya tarehe tisa. Kumbe alisema sita. Siku ya tisa nilifika na kalamu mbili na kikokotoo, nikakuta wenzangu wanabishania majibu. Nikaishia kwenye sapu.

Msinicheke. Hebu tamka: sita, tisa. Irabu ni zilezile, s na t ndizo zimebadilishana nafasi. Na konsonanti hizo ndizo za kwanza kupotea njiani.

Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Mngurumo mzito wa mitetemo 100 kwa sekunde una urefu wa wimbi wa mita tatu na nusu, kwa hiyo unaizunguka nguzo kama maji yanavyolizunguka jiwe. Mlio wa s, tuseme mitetemo 5,000, una sentimita 7 tu. Kwake nguzo ile ni ukuta, na nyuma yake kuna kivuli. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini.

Halafu kuna mwangwi. Ukuta wa nyuma ulikuwa kama mita 14 kutoka kiti changu. Sauti ilinipita, ikagonga ukuta, ikarudi: mita 28 za ziada, yaani sekunde 0.08. Mwangwi unaochelewa chini ya sekunde 0.05 hivi, sikio huuunganisha na sauti yenyewe. Ukizidi hapo, silabi ya zamani inaanza kuifunika mpya. Plasta laini, vioo na marumaru hurudisha karibu sauti yote, basi silabi moja inazunguka ukumbini kama mgeni asiyetaka kuaga.

Sasa nasikia bajeti ya umoja wetu ina pendekezo la spika kubwa zaidi. Jamani! Ukiongeza sauti, unaongeza na mwangwi wake kwa kiwango kilekile. Tena spika mbili zikitoa mlio mmoja, zipo sehemu ambapo kilele cha wimbi la huku kinakutana na bonde la wimbi la kule, na mlio unafifia. Sogeza kichwa kidogo, unarudi.

Mwaka 1895, Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia pale Harvard, alipewa ukumbi wenye ugonjwa huuhuu: neno lilisikika kwa sekunde 5.5 hivi baada ya kutamkwa. Hakuongeza kelele. Usiku, kukiwa kimya, alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akapiga filimbi ya kinanda na kupima kwa saa muda wa sauti kufa. Kadiri mito ilivyoongezeka, muda ulipungua. Vitu laini vyenye vinyweleo hunyonya wimbi na kuligeuza kuwa joto kidogo sana.

Kwa hiyo ninachoomba ni mapazia mazito yenye mikunjo, yatundikwe mbali kidogo na ukuta wa nyuma. Trei za mayai wanazobandika watu wa studio za mtaani hazinyonyi kitu cha maana. Na wauzaji wakija kufanya majaribio, tuujaze ukumbi kwanza: mwili wa mtu na nguo zake hunyonya sauti, hivyo ukumbi mtupu hauwezi kutuonyesha tutakachosikia Jumatatu asubuhi.