Dawa Iliyotoka Katika Kuvu

Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza kujitibu, na Mola huiweka dawa hata katika kitu ambacho mama jikoni angekitupa. Mwaka 1973, mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, aliyechunguza maelfu ya aina za kuvu, aliipata katika kuvu ya mchele dutu inayopunguza lehemu, yaani kolesteroli. Hapo ndipo zilipoanza statini; ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini. Statini huzuia kimeng'enya cha kazi hiyo. Ini likipungukiwa, huivuta lehemu mbaya kutoka katika damu, na hatari ya shambulio la moyo na kiharusi hupungua.

Wapo wanaoiacha dawa wanapojiona wazima. Lehemu haina maumivu, na ukiacha dawa hupanda tena. Simvastatini hunywewa usiku, ini linapoitengeneza zaidi. Basi hata Ramadhani si udhuru. Misuli ikiuma, au mama akishika mimba, na amwone daktari upesi, asijiamulie. Mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake. Wabillahi taufiki.