Boti ya mbao iliyozeeka: tazama mbao mbele ya kutazama rangi

Kutoka Uvira mpaka Kalemie, kupitia Baraka, barabara inachosha, na wakati wa mvua magari yanalala njiani. Juu ya hiyo watu na mizigo wanapita ziwani. Mwenye akiba kidogo anajiuliza: boti mpya inakula mbao, misumari na miezi ya fundi, kwa nini nisinunue ile ambayo mwingine amekwisha tumia?

Inawezekana. Lakini boti ya zamani inauzwa ikiwa imepakwa rangi mpya, na rangi inaficha mambo.

Kwanza tuelewe adui ni nani. Kule pwani ya bahari, Lamu ao Zanzibar, majahazi yanaliwa na mdudu wa maji ya chumvi anayetoboa mbao. Huku Tanganyika maji ni matamu, mdudu huyo hayuko. Adui wetu ni kuoza. Chumvi inalinda mbao kidogo. Maji ya mvua yanayolala ndani ya boti yanaiozesha. Kwa hiyo boti inaweza kuoza kuanzia ndani, wakati upande wa nje bado unang'aa.

Chukua kisu chenye ncha. Choma pale mbavu zinapokutana na uti wa chini, kisha mbao ya nyuma inayobeba moteri. Kisu kikiingia kama ndani ya muhogo uliopikwa, acha. Mbao ya nyuma ikioza, siku moja moteri itaanguka majini pamoja na faida yako yote. Angalia pia misumari: mbao ikiwa nyeusi kuizunguka, kutu imekwisha kuila na haishiki tena.

Boti kuvuja si lazima iwe mbaya. Iliyokaa nchi kavu wiki nyingi, mbao zake zinakauka na kupunguka, nafasi zinafunguka. Ukiirudisha majini zinavimba tena. Muuzaji mwaminifu ataiacha majini siku mbili, halafu muitazame pamoja. Ikiendelea kuvuja, fundi atoe pamba ya zamani na kujaza mpya iliyolowekwa mawese. Hiyo ni kazi ya kurudia kila mara, iweke katika hesabu yako tangu mwanzo.

Jambo linaloniogopesha zaidi ni boti iliyoongezwa mbao pembeni ili ibebe zaidi. Inaonekana kubwa, kumbe tumbo lake chini ni lilelile. Mizigo ikipanda juu, uzito unapanda pia, na wimbi dogo la ubavuni linatosha. Sote tunakumbuka Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ngambo. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Basi uliza fundi aliyeijenga: mwanzo ukingo wake ulifika wapi? Jile za kuokoa maisha ziwe sawa na idadi ya watu, si tatu za kuonyesha bandarini.

Sasa tanga. Vijana wanacheka, lakini Waswahili wa Ujiji walivuka ziwa hili kwa tanga tangu karne ya 19. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu: anayepanda kuelekea Uvira anasukumwa, anayeshuka Kalemie anapigwa usoni na kuchoma esansi nyingi. Tanga la akiba na kasia nne hazilipi faida kila siku, ila moteri ikizima ndizo zitakufikisha.

Na nanga? Ziwa linafika mita 1.470, na pembeni ya milima kama ya Ubwari chini inashuka ghafla. Kamba ya mita 20, mbali kidogo na mawe, haigusi kitu. Mchana upepo wa ziwani unasukuma kuelekea ngambo, kwa hiyo boti isiyo na moteri inaenda kwenye mawe yenyewe. Nunua kamba ndefu, uifunge kwenye mbavu, si kwenye ile mbao ya kukalia.