Baridi ya Kibumba: moto ubaki jikoni, maji moto yaingie chumbani

Giza likiingia Kibumba, baridi inayoshuka kutoka upande wa mlima Mikeno hupenya nyumba za mbao kupitia kila tundu. Goma, kilomita 20 na kitu kusini mwa hapa, iko chini zaidi na usiku wake hauumi hivyo. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi za Kibumba, maharage yakishaiva, mbabula yenye makaa mekundu hubebwa kutoka jikoni na kuwekwa chumbani wanapolala watoto. Moshi hauonekani tena, na watu hudhani hatari imekwisha.

Hapo ndipo inapoanza. Makala yanayowaka polepole, hasa yakifunikwa majivu ili yadumu hadi alfajiri, hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, na aliyelala huenda asiamke kabisa.

Wakazi wa Goma na vijiji vya jirani wanajua mazuku, ile hewa ya volkano inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi, na mara nyingine watu. Mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, hukaa chini; anayeijua sehemu yake huikwepa. Gesi ya mbabula husambaa chumba kizima, juu na chini, kwa hiyo kumpandisha mtoto kitandani hakumwokoi.

Swali la jiko lipi linafaa kupasha nyumba joto na kuchemsha maji si la Kibumba peke yake. Katika nchi za baridi za Ulaya, nyumba nyingi zina boila. Moto huwaka ndani ya sanduku la chuma, moshi hutolewa nje kwa bomba, na maji yaliyopashwa huzunguka vyumbani kwenye mabomba. Anayelala hapati moto wala moshi, anapata joto la maji tu. Hata hivyo, boila iliyofungwa vibaya imeua watu huko pia.

Mashine hiyo haina nafasi Kibumba. Ardhi ya mawe ya volkano hunywa mvua yote, mito hakuna, na familia nyingi hutegemea maji ya mvua au ya kubebwa kwa bidoni. Mwaka 1994, zaidi ya wakimbizi laki moja kutoka Rwanda walipopiga kambi hapa, maji ilibidi yaletwe kwa malori. Lakini kanuni ya boila haihitaji mabomba. Moto ubaki jikoni, joto libebwe na maji.

Bidoni la lita 5 lenye maji ya nyuzi joto 60, likifungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa kizito, hutoa joto sawa na taa ya wati 60 ikiwaka karibu saa 4. Likiwekwa miguuni chini ya blanketi linatosha watoto wawili. Maji yanayochemka yasimiminwe humo. Plastiki hulegea na kifuniko huweza kufunguka na kumbabua mtoto. Asubuhi maji hayohayo, yakiwa bado vuguvugu, huoshea uso. Hayapotei, na hapa hilo si jambo dogo.

Ya kuoga je? Tukichukua maji ya tangi yenye nyuzi 15 alfajiri, kufikisha lita 20 kwenye nyuzi 40 kunahitaji takriban gramu 350 za makala kwenye mbabula ya kawaida, ambayo hupoteza joto kubwa pembeni. Jiko bora lenye udongo ndani hufanya kazi hiyo kwa gramu 250 hivi. Kifuniko cha sufuria, ambacho wengi hukisahau, huokoa mengine.

Kwa umeme, hita ya wati 2,000 inamaliza kazi hiyo kwa dakika 18 hivi. Kituo cha Matebe huko Rutshuru kimekuwa kikizalisha umeme wa maji tangu mwisho wa 2015. Lakini mapigano yakifika barabarani nyaya huwa hatarini, na si kila nyumba imeunganishwa. Mwenye umeme anunue hita, ila asitupe jiko. Na chuma cha umeme cha kutumbukiza kwenye ndoo kizimwe kwenye soketi kabla mtu hajagusa maji. Fundi yeyote atakwambia hivyo, na bado watu hawasikii.

Bidoni lililopakwa rangi nyeusi na kuanikwa juani hugharimu karibu sifuri. Ukungu wa hapa hulikatisha tamaa siku nyingi, lakini siku ya jua maji ya kuogesha watoto jioni yanapatikana bila moto. Maji ya kunywa ni habari nyingine, hayo yachemke kabisa. Kwa kimo cha Kibumba yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hiyo inatosha kuua vijidudu vya kipindupindu.

Kila gunia la makala lina hesabu yake nje ya nyumba pia. Kwa tanuri la udongo, kilo moja hutoka kwenye kilo 7 au zaidi za miti, na sehemu kubwa ya miti hiyo hukatwa Virunga, hifadhi ambayo mpaka wake uko jirani na mashamba ya kabichi ya Kibumba.

Familia nyingi zilizokimbilia Kanyaruchinya mwaka 2022 ziliacha vyombo vyote. Kwa anayeanza upya na fedha kidogo, mpangilio wa manunuzi ni huu: kwanza bidoni zuri lenye kifuniko kinachokaza, kisha jiko bora, kisha mbao za kuziba matundu ya ukuta wa chumba cha kulala. Matundu ya jikoni, juu karibu na paa, yaachwe wazi.