Mguu ulibaki Kagera, moyo unaugua Daudi

Kijana mmoja wa Daudi, kule Mbulu, ameniandikia kuhusu baba yake. Mzee alikwenda Vita vya Kagera akiwa na miaka 21, na mwaka 1979 bomu la kutegwa ardhini likamkata mguu wa kushoto, juu ya goti. Alirudi kwao, akajifunza kupanda milima ya Mbulu kwa magongo, akalima, akasomesha watoto. Sasa moyo umechoka. Hawezi kulala chali, mguu uliobaki unavimba jioni, na kutoka mlangoni hadi zizini anapumzika mara mbili. Aliomba mafao yake ya ulemavu yaangaliwe upya, akajibiwa kwa sentensi mbili: mguu ulishahesabiwa, moyo ni maradhi ya uzee. Familia inataka kukata rufaa, na kijana anauliza: "Mguu uliokatwa miaka yote hiyo unaweza kweli kuharibu moyo?"

Unaweza. Tena ushahidi wake ni wa zamani kuliko huyo kijana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watafiti wawili wa Marekani, Hrubec na Ryder, walifuatilia maelfu ya wanajeshi waliokatwa viungo. Uzuri wa kazi yao, iliyochapishwa mwaka 1980, ni watu waliowalinganisha nao. Hawakuchukua raia waliokaa nyumbani. Walichukua wanajeshi wenzao waliojeruhiwa vibaya hadi kubaki na makovu ya kudumu, lakini viungo vyao vikiwa kamili. Wote walikuwa wameonja vita, damu na vitanda vya hospitali. Bado, waliopoteza mguu kuanzia goti kwenda juu walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa. Mwaka 1998 Waisraeli wakatoa hesabu ya wanaume 201 waliokatwa miguu vitani na kufuatiliwa kwa miaka 24: asilimia 8.9 walikuwa wamekufa kwa maradhi hayo, dhidi ya asilimia 3.8 ya wenzao wenye miguu yote. Na Waingereza, katika utafiti uitwao ADVANCE, wamewapima wanaume 579 waliojeruhiwa Afghanistan na 565 waliokwenda huko wakarudi salama. Miaka minane hivi baada ya kujeruhiwa, wa kundi la kwanza tayari walikuwa na mishipa migumu zaidi.

Kwa nini? Hapa naomba mnivumilie, maana hili ndilo lililonikosesha usingizi.

Moyo unapopiga, mambo mawili huondoka kwa pamoja. Kuna damu yenyewe, inayokwenda polepole, na kuna wimbi la msukumo linalokimbia ndani ya kuta za mishipa kwa kasi kubwa kuliko damu. Ukigusa kifundo cha mkono, unachokihisi ni wimbi hilo. Linashuka kwenye aota, ule mshipa mkuu, linafika chini ya kitovu ambako aota hugawanyika kwenda miguu miwili, linaendelea pajani, gotini, hadi vidoleni. Kila panapogawanyika, sehemu yake hudunda na kurudi juu. Kwa mtu mzima wa afya, wimbi linalorudi huchelewa. Hufika moyo ukiwa umekwisha kusukuma na sasa umelegea, na kuchelewa huko ni neema, kwa sababu ule msukumo wa kurudi husaidia kujaza damu kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe.

Sasa kata mguu juu ya goti. Mti mzima wa mishipa, wenye matawi maelfu yaliyokuwa yakilimeza wimbi taratibu, umeondoka. Limebaki shina fupi lililofungwa na daktari wa upasuaji. Funga bomba la maji kwa ghafla, utalisikia likigonga ukutani: ndivyo wimbi linavyogonga kisiki na kurudi, na kwa kuwa safari imefupishwa, hurudi mapema. Linaukuta moyo bado unasukuma. Moyo unalazimika kusukuma dhidi ya mwangwi wake wenyewe, kila pigo, mapigo 100,000 kwa siku, miaka zaidi ya 40. Ukuta wake unanenepa, halafu unakakamaa, halafu unachoka.

Pale kwenye njia panda chini ya kitovu kuna balaa la pili. Damu iliyozoea kugawanyika sawasawa sasa inaelemea upande mmoja na kuusugua ukuta wa aota bila ulinganifu. Vollmar na wenzake wa Ujerumani waliwapima wanajeshi 329 wa zamani waliokatwa mguu juu ya goti, wakakuta asilimia 5.8 wana uvimbe wa aota tumboni. Kwa wenye miguu kamili ilikuwa asilimia 1.1.

Ongeza na mengine ya kawaida: misuli mikubwa ya paja, ambayo ndiyo inayokula sukari nyingi mwilini, imepungua, basi insulini hupanda; kutembea kwa mguu wa bandia unaoanzia juu ya goti hula nguvu zaidi kwa asilimia 60 hivi; maumivu na ndoto za vita hazilazi mtu.

Nimeambiwa kwamba mzee huyo "aliingiwa na moshi wa baruti moyoni." Hapana. Nimeambiwa pia kwamba dawa za presha zikianza kumezwa ndizo zinazoua moyo, eti ndiyo maana wanaozimeza hufa. Wanaozimeza ni wagonjwa, ndugu zangu. Hatari ni kuziacha. Na sitamsamehe mtu anayepanda basi na chupa za "kusafisha mishipa," akamuuzia mzee mwenye moyo uliochoka kwa fedha ambayo ingempeleka hospitali. Mishipa haisuguliwi kama sufuria. Watu wa kaskazini hatuna kisingizio cha kusahau Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kikombe cha dawa cha shilingi 500 kilichosemekana kutibu kisukari, presha na hata UKIMWI. Wapo walioacha vidonge vyao siku ile wakaamini wamepona. Anayewauzia matumaini ya namna hiyo leo anajua anachokifanya.

Turudi kwenye rufaa. Aliyemjibu mzee hakusema uongo mtupu, kwani moyo wa mtu wa miaka 68 unaweza kuugua hata kama miguu yote ipo. Sayansi inazungumzia watu 100, ofisi inamuuliza mmoja. Hakuna kipimo kitakachoonyesha kwenye picha kwamba ukuta huu ulinenepa kwa ajili ya mguu na ule kwa ajili ya umri. Marekani waliliona tatizo hilo, na kwa zaidi ya miaka 40 sasa kanuni yao inasema hivi: mwanajeshi aliyekatwa mguu mmoja kuanzia goti kwenda juu, au yote miwili kuanzia vifundo vya miguu, kwa sababu ya utumishi, akija kuugua moyo, moyo huo unahesabiwa umetokana na jeraha. Hatakiwi kuthibitisha upya kile ambacho takwimu zimeshathibitisha. Naamini wazee wetu waliovuka Mto Kagera pale Kyaka wanastahili kanuni iliyo wazi namna hiyo. Wanazidi kupungua, na kila mwaka wa kusubiri ni mwaka wanaonyang'anywa.

Kwa sasa, fanyeni haya haraka. Ombeni sababu za kukataliwa kwa maandishi, na muulize mwisho wa kukata rufaa ni lini. Mpelekeni mzee apimwe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Anzeni kwa kuuliza hospitali ya Haydom, au msubiri madaktari wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete wanapokuja mikoani. Barua ya daktari itaje mguu ulikatwa wapi hasa na mwaka gani, moyo una tatizo gani, mzee anaweza kutembea umbali gani kabla ya kupumzika, na kama, kwa maoni yake, kukatwa mguu kumechangia. Barua inayosema "ana presha" haifai kitu. Kipimo cha kukimbia kwenye mashine si cha mtu wa mguu mmoja. Wakishindwa kumpima hivyo wasiandike kwamba hakushirikiana. Vidonge asiache.

Na akiwa amelala pale akipimwa, mwombeni anayeshika kipimo akishushe hadi tumboni, aangalie upana wa aota. Ukifika sentimita 3, huo ni uvimbe, na uvimbe wa aota mara nyingi hauumi mpaka siku unapopasuka. Kuuangalia huchukua dakika chache tu, kitandani palepale.