Mama, Moyo Wako Utapona?

Kuna ugonjwa wa moyo unaowapata wamama wengine katika mwezi wa mwisho wa mimba, ao ndani ya miezi 5 baada ya kuzaa. Miguu inavimba, pumzi inakuwa fupi, usiku unakohoa, unashindwa kulala bila kuinua kichwa. Watu watasema ni uchovu wa kuzaa, ao umerogwa. Sivyo! Moyo umelegea, hausukumi damu vizuri. Kwenda kwa munganga mbio.

Je, utapona? Munganga atapima moyo kwa ekografi. Moyo mzima, kwa kila pigo, unasukuma zaidi ya nusu ya damu iliyo ndani yake. Kama wako unasukuma 30 kwa 100 ao zaidi, tena haujapanuka sana, tumaini ni kubwa. Ikiwa ni chini ya hapo, kupona ni kugumu zaidi, lakini wako wanaopona. Wengi wanapona ndani ya miezi 6, wengine wanakawia.

Kusikia nafuu si kupona. Usiache dawa mpaka munganga aseme. Na wewe na bwana yako, musitafute mimba ingine mbele ya moyo kupimwa tena: ugonjwa unaweza kurudi, tena unaweza kuua.